Mtabiri wa Majina wa Muhima

Mtu akitaka kujua mvua itanyesha lini, mtaa wa Muhima, Kigali, ulikuwa na wazee wengi wenye magoti mabovu wa kumwambia. Akitaka kujua bei ya maharage itapanda lini, aliteremka stendi ya Nyabugogo akawasikiliza wapakizi wakigombana. Lakini akitaka kujua watoto wa mwaka ujao wataitwa nani, ilimbidi apande kilima hadi barazani kwa Asiya, mama yake Mwamini, akae kwenye kigoda na asubiri. Kusubiri kulikuwa lazima. Asiya hakuwa mtu wa kumwaga siri kwa haraka. Angemaliza mstari wa kofia aliyokuwa akifuma, angeinyoosha juu ya goti, angekohoa, ndipo aseme.

Alifuma kofia na soksi za sufu za watoto wachanga. Baraza lake lilitazama njia waliyoipita akina mama wakitoka kujifungua, na hakuna aliyepita na mtoto mgongoni bila kuulizwa: "Karibu, mama. Anaitwa nani?" Kichwa cha mtoto alikipima baadaye. Alishikilia kwamba kofia haiwezi kukaa vizuri kwenye kichwa usichokijua jina lake, jambo ambalo si kweli hata kidogo, kwa kuwa kofia zake zote zilikuwa za kipimo kimoja na zote ziliwaangukia watoto machoni. Majina aliyoyasikia hakuyaandika popote. Aliyaacha kichwani, na huko yakachacha kama togwa hadi yakawa utabiri.

Na utabiri wake ulikuwa na uwanja mpana. Kwa Wanyarwanda mtoto harithi jina la baba yake. Kila anayezaliwa hupewa lake, jipya, hata kama nyumba ina watoto kumi. Kwa hiyo kila mwaka majina hupanda na kushuka, na Asiya aliyafuatilia kwa uchungu ambao wengine huweka kwenye mpira.

"Watu wanadanganya ati wanatafuta maana," alimfundisha jirani yake Spès, aliyeuza maziwa mlango wa pili na ambaye hakuwa ameomba kufundishwa. "Maana wanaitafuta baadaye. Kwanza wanaona mtu amependwa, halafu wanachukua jina yake."

Spès alikuwa Mkatoliki mwenye kicheko cha kusikika hadi stendi ya mabasi, na kazi yake ya pili, baada ya maziwa, ilikuwa kumrudisha Asiya duniani. Mgeni mkubwa wa Wakatoliki alipokuja Kigali mwaka wa tisini, Asiya alitangaza kwamba wavulana wengi wangeitwa Yohani Pawulo. "Hiyo hata jogoo yangu iko inajua," Spès alisema. Timu ya mtaa ilipopata kipa aliyeitwa Melchior, akadaka penalti siku ambayo mtaa mzima ulikuwa umekwisha kukata tamaa, Asiya alisema mtaona, na kweli akina Melchior wakaanza kupita barazani mmoja baada ya mwingine, kofia machoni. Msimu uliofuata kipa yule akafungwa mabao ya aibu, na akina mama wakapanda kilima kulalamika kana kwamba Asiya ndiye aliyeuachia mpira. Halafu kulikuwa na lile la Winifred. Lilikuwa jina la muuguzi mmoja mwenye mikono laini, na Asiya aliapa kwamba lingeufunika mji. Muhima nzima akapatikana Winifred mmoja tu, naye alikuwa mbuzi wa Spès, aliyepewa jina hilo makusudi ili, kwa maneno ya Spès, rafiki yake asiaibike kabisa.

Lakini utabiri ambao Asiya alijivunia kuliko wote ulikuwa wa kifo. Zamani nusu ya mabinti wa nchi walikuwa Nyira-hivi na Nyira-vile, majina marefu ya bibi zao, ya shamba na moshi wa jikoni. Asiya ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza barazani, sindano zikiwa hewani: "Nyira amekufa. Tumwombee dua." Mabinti wa mjini, alisema, watakuwa Ingabire, watakuwa Kaliza na Kamikazi. Ikawa kweli. Mwaka ukapita, na mwingine, asisikie Nyira hata moja mgongoni mwa mtu. Mara moja tu alipita mama kutoka shamba na Nyiransabimana wake, na Asiya alimtania mbele za watu mpaka maskini yule akamfunika mtoto shuka hadi puani.

Kilichosahaulika, na Asiya alihakikisha kinasahaulika, ni kwamba yeye mwenyewe aliitwa Nyirarukundo.

Asiya lilikuwa jina la dini. Mama Mwamini lilikuwa jina la mtaani. Nyirarukundo, mwenye upendo, lilikuwa jina lake hasa, alilopewa na baba yake, na mtu wa mwisho kulitumia alikuwa mumewe, Habiyaremye, dereva wa lori. Kila akirudi safari alisimama mlangoni mwa ua, kabla hajavua hata kofia, akaliita kwa sauti yote kama anayeuza samaki: "Nyirarukundo!" Naye aliitikia "Labeka!" kutoka huko jikoni, akiona aibu kwa majirani na akifurahi. Habiyaremye aliugua akafa mwaka mmoja kabla vita havijaifunga njia ya kaskazini aliyokuwa akiipita. Tangu hapo ua ule haukulisikia jina lile tena. Asiya hakumlilia mtu barazani. Alikuwa akifuma tu, na akitabiri zaidi kuliko awali, na wakati mwingine, akiwa peke yake akipepeta mchele, alilitamka mwenyewe polepole kuona kama bado linaitika. Halikuwa na ladha. Jina lako ukijiita mwenyewe ni kama kujikuna mgongo kwa ukuta.

Sasa, Mwamini, bintiye wa pekee, alikuwa ameolewa miaka kadhaa na Mugabo, fundi wa mabasi Nyabugogo, bila mtoto. Mwaka wa tisini na mbili akashika mimba. Akajifungua salama, mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Na Asiya, ambaye alikuwa amejiambia kwamba anaomba uzima tu, alimbeba mjukuu wake na papo hapo akataka kitu kingine, akakitaka kwa nguvu iliyomshangaza. Alitaka mtu asimame tena kwenye ua na aite Nyirarukundo, na mtu aitikie.

Lakini angeomba vipi? Jina la dini shehe alikwisha msomea mtoto, Rehema, na hilo halikuwa na mashindano. Jina la Kinyarwanda lingetolewa siku ya nane, na lingetoka mdomoni mwa Mugabo, baba wa mtoto. Mama wa mke hufika, hukaa, husifu chakula. Tena hata kama angeruhusiwa kusema, angesema nini? Ni nani aliyemzika Nyira? Ni nani aliyeomba dua? Mdomo huponza kichwa, na mdomo wa Asiya ulikuwa umefanya kazi hiyo kwa miaka, barazani, mbele ya mashahidi.

"Mwaka hii jina gani, Mama Mwamini?" Spès alimuuliza wiki ile, akimimina maziwa. "Ya mjukuu, tuambie mapema."

"Ingabire," Asiya alisema bila kuinua macho. "Mwaka huu ni Ingabire tu."

"Na wewe unapenda Ingabire?"

"Mimi natabiri. Sikusema napenda."

Spès alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaenda zake.

Wanaojua mambo ya siku ya nane wanajua kwamba kabla ya wakubwa kusema, wanaanza watoto. Watoto wa jirani hukusanywa, hupewa vijembe au vijiti, wakalima kidogo mbele ya nyumba kama watu wazima. Mtu huwanyunyizia maji akipiga kelele "Mvua! Mvua!" nao hukimbilia ndani wakicheka, wakanawa, wakakaa kwenye mkeka, wakala chakula cha mtoto kutoka kwenye ungo. Wakishakula, huulizwa mtoto anaitwa nani, na kila mmoja hutaja jina lake. Baba husikiliza. Si lazima achukue la mtoto, lakini watu husema mtoto anajua jina la mwenzake.

Asiya alilifikiria hilo usiku na mchana, na asubuhi ya siku ya nane akaamka, akakanda unga. Akakaanga maandazi mengi, makubwa, yenye sukari juu, akapika chai ya maziwa kwa maziwa ya Spès, akawaita watoto wote wa kilima kwenye ua wake. Walikuja mbio. Waliketi wakala, na kila aliyenyoosha mkono kuomba jingine aliulizwa kwanza:

"Mtoto wa Mwamini anaitwa nani?"

"Nyirarukundo!"

"Sikusikia."

"Nyirarukundo!"

"Haya, chukua."

Ulikuwa mpango mzuri sana. Ulikuwa na kosa moja tu, ambalo mwanamke aliyelea mtoto na kuhudhuria sherehe hizo maisha yake yote angepaswa kuliona, na ambalo Asiya, mtabiri, hakuliona.

Nyumbani kwa Mugabo, kilimani hapo hapo, kila kitu kilikuwa tayari. Mama yake Mugabo, Mukandekezi, alikuwa ametoka Nyamirambo tangu alfajiri kuja kupika. Mukandekezi hakuwa mwanamke wa mchezo. Maharage yake yalisifiwa mitaa mitatu, na siku hiyo aliyapika kwa samli, na kisamvu pembeni, akayamwaga kwenye ungo juu ya majani ya mgomba, na harufu ikajaa nyumba. Mwamini alitoka na mtoto, amependeza, akakaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wakalima, lakini walilima polepole, wakishika viuno. Maji yakarushwa. "Mvua! Mvua!" Hawakukimbia. Waliingia kwa miguu kama wazee wanaorudi msikitini, wakakaa kuuzunguka ungo, wakautazama.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kuleni," Mukandekezi alisema.

Wakautazama tu. Kitoto kimoja kilicheua.

Chakula cha mtoto kikikataliwa na watoto si jambo la kucheka. Ni kama wenzake wanamkataa yeye. Mwamini alimvuta binti yake karibu, na Asiya aliuona uso wa mwanawe ukibadilika, mwanawe aliyemngojea mtoto huyu miaka yote ile. Maandazi yote aliyoyakaanga yakamkaa Asiya kifuani kana kwamba ndiye aliyeyala.

"Kwa nini hamuli?" Mukandekezi aliuliza.

"Tumeshiba," alisema msichana mmoja kwa adabu.

"Mmeshiba nini, saa hii?"

"Andazi ya Mama Mwamini."

Vichwa vyote viligeuka. Na mtoto mwingine, mwema, aliyedhani kwamba kilichokosekana ni lile somo la asubuhi, alijaza mapafu akapaza sauti: "Nyirarukundo!" Wenzake wakakumbuka, wakaitikia kwa pamoja mpaka mabati yakalia: "Nyirarukundo! Nyirarukundo!" Mmoja akanyoosha mkono kudai andazi lake.

Spès ndiye aliyeanza. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa chini. Wengine wakafuata, isipokuwa watu wanne: Mwamini, Mugabo, Mukandekezi, na Asiya mwenyewe.

"Bamwana," Mukandekezi alisema, ndivyo wakwe wanavyoitana, na alilisema kwa upole uliotisha. "Nani analisha watoto asubuhi ya kuita jina?"

Asiya aliinyoosha kanga yake juu ya goti kana kwamba ni kofia, akakohoa.

"Asiyekula haiti jina," Mukandekezi aliendelea. "Hayo mliyosikia si kitu, yameanguka. Na chakula ya mtoto haiwezi kubaki. Sasa mimi nifanye nini? Nikamwage?"

Aibu ikizidi humpa mtu ujasiri wa ajabu. Asiya alivua viatu, akafunga kanga yake kiunoni, akawasukuma watoto wawili kwa makalio akapata nafasi kwenye mkeka. "Basi leo mimi ni mtoto," alisema, akachota maharage kwa vidole, akala.

Alikula kama watoto wanavyokula, kwa haraka, samli ikimtiririka hadi kiwikoni. Yalikuwa matamu kweli, akasema hivyo mdomo ukiwa umejaa, na Mukandekezi alilegea kidogo, kidogo tu. Watoto walimtazama bibi mzima akiwalia chakula chao. Mmoja akacheka. Mwingine aliona upande wake wa ungo unaanza kupungua, na hapo shibe ikaingiwa na wivu. "Mama Mwamini anamaliza yote!" Mikono ikaingia. Wakagombania maharage kana kwamba hawajala tangu juzi, na vigelegele vikarudi, na Mwamini akapumua.

Ndipo wakaulizwa upya, kama inavyotakiwa. Lakini Mukandekezi alikuwa amewasimamia, na hakuna mtoto aliyethubutu kurudia somo la asubuhi. Mmoja akasema Ingabire. Mwingine Kamikazi. Mwingine alitoa jina lake mwenyewe. Mmoja, mtoto wa kondakta, alisema Nyamirambo, kwa kuwa ndilo neno zuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia yakiitwa stendi. Jina ambalo Asiya alilipigania kwa kilo za unga ndilo pekee ambalo halikutajwa. Alijimaliza mwenyewe.

"Na wewe," Mukandekezi alimwambia, na safari hii kulikuwa na tabasamu mahali fulani. "Mtoto mzee. Umekula. Taja."

Walimngoja. Asiya alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa amelala na ngumi shavuni chini ya kofia iliyomfunika macho. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, na haki yake alikuwa nayo sasa, ameipata kwa kula mbele za watu. Lakini alimkumbuka yule mama wa shamba akimfunika Nyiransabimana wake puani. Alijua kuliko mtu yeyote mle ndani jinsi msichana mwenye jina la bibi atakavyochekwa shuleni, kwa kuwa kicheko chenyewe alikianzisha yeye. Na alimpenda mtoto huyu. Ilimuuma, ilimuuma sana, akasema.

"Ingabire. Ndiyo jina ya mwaka huu. Atakuwa na wenzake darasani, hatakuwa peke yake."

Alijifuta vidole kwenye kanga, hakumtazama mtu.

Mugabo akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache. Watu wa Nyabugogo walisema anazungumza na injini tu. Alijikuna kichwa.

"Sisi tumeita mtoto wetu," alisema, "Nyirarukundo."

"Hiyo imeanguka!" Mukandekezi alisema. "Watoto waliisema bila kula!"

"Walikuwa wamekula, mama," Mugabo alisema. "Walikula kwa bibi yake."

Mukandekezi alizipitia kichwani mila zote anazozijua. Hakuna aliyewahi kusema chakula cha mtoto ni lazima kitoke jiko la upande mmoja. Mwishowe alirusha mikono juu na akapiga kigelegele yeye mwenyewe, mrefu kuliko wote. Asiya alilia palepale kwenye mkeka, katikati ya watoto, mikono ikiwa na samli hivyo hata machozi hakuweza kuyafuta. Spès alimfuta kwa pindo la nguo yake, akimwambia: "Yewe, mtabiri! Na hii hukuiona?"

Hakuiona, wala hakuona yaliyofuata. Habari ya bibi aliyekula maharage ya watoto ilishuka kilima hadi stendi, na kutoka stendi habari hupanda mabasi. Mwamini alizoea kumleta mtoto kwa bibi yake, akasimama mlangoni mwa ua, mikono imejaa, akaita "Nyirarukundo!" akimtania mtoto aliyelala mgongoni, na kutoka jikoni Asiya aliitikia "Labeka!" kabla hajakumbuka kwamba si yeye anayeitwa. Ilimtokea kila mara. Alisema ni masikio yanazeeka.

Kisha siku moja mama kijana asiyemjua alipanda kutoka Nyabugogo na mtoto wa kike mgongoni, akitaka kofia.

"Karibu, mama. Anaitwa nani?"

"Nyirarukundo."

Sindano zikasimama. "Nani amekwambia hiyo jina?"

"Iko inasemwa huko chini. Kuna bibi moja alipigania hiyo jina mpaka akakula na watoto. Nikasema, jina ya kupigania hivyo ni nzuri."

Asiya alimaliza mstari wake. Aliinyoosha kofia juu ya goti, akakohoa. "Ni nzuri," alikubali. "Lakini mimi najua mambo ya majina, muulize mtu yeyote. Hiyo itajaa sana mwaka huu. Ningekuwa wewe ningetafuta nyingine."

Yule mama alicheka, akasema imekwisha toka, hairudi. Asiya akamvalisha mtoto kofia mwenyewe, akaikunja ukingo mara moja, ili kwa mara ya kwanza katika historia ya kofia zake macho ya mtoto yaonekane.

"Asante, bibi. Nikiulizwa nani amefuma, nitasema nani?"

Mtaa mzima ulimwita Mama Mwamini, na hilo ndilo lililomjia mdomoni. Akalimeza.

"Sema Nyirarukundo," alisema. "Yule wa kwanza. Hao wengine wote wananifuata mimi."